Huduma ya faraja ya shirika, Kadutu: mikono mizuri, mdomo mrefu

Ukifiwa au ukiwa na mgonjwa hospitalini huku Kadutu, Bukavu, huduma ya wamama na wapapa wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, ni ya kuitafuta. Ombi linapelekwa kwa mkubwa wa shirika, basi. Hakuna karatasi.

Sifa yake iko kwenye kazi ya mikono. Hospitali nyingi hazimpikii mgonjwa, kwa hiyo wanaleta unga wa fufu, sombe (majani ya muhogo) iliyokwisha kupikwa, makala ya kupikia (mkaa) na bidoni ya maji ya lita 20, halafu mmoja anabaki usiku ili mlinzi wa mgonjwa alale. Ndivyo alivyofanya Msamaria wa Luka 10: alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Huruma yenye bajeti! Nao wanarudi wiki ya pili, matanga yamekwisha na viti vya kukodi vimeondoka. Hapo ndipo mfiwa anabaki peke yake na madeni.

Kasoro iko mdomoni. Wengine wakiketi tu wanaanza: “Ni mapenzi ya Mungu, usilie.” Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na rafiki za Ayubu walifaa siku saba walizonyamaza, walipofungua kinywa wakaharibu. Tena bahasha ya pesa itolewe kimya. Kutangaza kiasi mbele ya watu kunamfedhehesha mwenye shida.

Ombeni waje wawili, si kumi, na sala iwe fupi. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hawezi nyimbo sita.