Kusoma Kirusi Kisumu: chuo nilichokichagua na vile nilivyovipita

Nimemaliza ngazi ya A2 ya Kirusi katika chuo kidogo cha lugha hapa Kisumu mjini, na sasa niko B1 (A1 ndiyo ya wanaoanza, kisha A2, kisha B1). Nimeridhika, na karo niliyolipa siijutii. Ila nilizunguka sana kabla ya kukipata, na najua wapo wengi ambao bado wanazunguka, ndiyo maana naandika.

Kirusi hakimo katika mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari kama Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu. Karibu sote tunaanzia sifuri, na hatuna mwalimu wa zamani wa kumwuliza wapi wanafundisha vizuri. Hapo ndipo maajenti wanapoingilia. Chuo cha kwanza nilichokwenda, katika jengo moja la katikati ya mji, kilijaa picha za theluji ukutani. Dada wa mapokezi alinieleza habari za viza, kazi na tikiti ya ndege hadi nikachoka, darasa lenyewe hajaligusa. Nilipoomba kumwona mwalimu, akaniambia nilipe kwanza ada ya usajili. Nikaaga. Kingine cha Nakuru, kinachofundisha kwa mtandao, kilitaka pesa ili “kunitafutia” ufadhili wa serikali ya Urusi.

Ufadhili huo unauomba mwenyewe katika tovuti yao rasmi, bure. Ukiupata husomi kwa karo, unapewa posho ndogo ya kila mwezi na nafasi bwenini. Nauli ya ndege na bima ya afya ni juu yako. Asiyejua Kirusi hupitishwa kwanza katika mwaka wa maandalizi hukohuko, ndipo aanze digrii. Hakuna chuo cha lugha cha hapa kilicho na nafasi hizo mfukoni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sote tumesikia habari za vijana Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Urusi wakajikuta wamevalishwa sare na kupelekwa vitani Ukraine. Chuo kinachouza darasa na ajira kwenye kaunta moja, tafadhali kipite.

Chuo changu kilinikubalia kuketi darasani siku moja bila kulipa chochote, na siku hiyo ndiyo iliyoniamulia. Mwalimu, Mkenya aliyesomea Voronezh, Urusi, aliandika ubaoni kwa mwandiko wa mkono, si herufi za chapa. Herufi 33 za chapa utazizoea upesi. Za mkono ndizo kazi: т ndogo huandikwa kama m, д kama g, na и, ш na л zikifuatana huoni ila vijistari vinavyopanda na kushuka. Huko Urusi wahadhiri huandika hivyo. Mwanafunzi aliyefundishwa chapa peke yake atakaa mbele ya ubao asiweze kunakili hata sentensi moja. Tangu wiki ya kwanza tulipewa madaftari ya kufanyia mazoezi ya mwandiko, na yalisahihishwa kwa kalamu nyekundu kila tulipokutana.

Kingine ni matamshi. Sisi tumezoea kila irabu isikike kamili na mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kirusi mkazo huhamahama, na o isiyokuwa na mkazo hutamkwa karibu na a, hivyo Москва husikika “Maskva” na молоко “malako”. Mwalimu wetu haandiki neno jipya bila kuweka alama ya mkazo juu yake. Jinsia tatu za nomino hazikututisha, maana mtu aliyekua na ngeli ameshajua upatanisho. Vitenzi vya mwendo ndivyo vilivyotutoa jasho. Siku moja alimwuliza kila mtu amefikaje darasani: aliyetembea kutoka Kondele alihitaji kitenzi cha kundi la идти, aliyepanda matatu kutoka Ahero cha kundi la ехать, na anayesema huja kwa boda kila siku ilibidi atumie ездить. Aliyekosea alitoka nje, akabisha hodi, akaingia upya na kusema tena. Sijavisahau mpaka leo.

Faida nyingine ni ya Kisumu yenyewe. Huu ni mji ambao hospitali yake kubwa, ya Jaramogi, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969, watu bado wanaiita “Russia”, na wapo wazee waliosomeshwa kule. Chuo chetu humwalika mmoja wao, mhandisi mstaafu aliyesoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, Moscow, miaka ya 1980. Tukimwamkia shikamoo hutuitikia kwa Kirusi na hatoki humo mpaka kipindi kiishe. Kwa kuzungumza, nimepata mengi zaidi kwa mzee huyu kuliko programu yoyote ya simu.

Sasa mapungufu. Mazoezi ya kusikiliza ni dhaifu: spika ni moja, rekodi ni za zamani, na umeme ukipotea kipindi kinageuka cha sarufi. Hili si dogo, kwani TRKI, mtihani rasmi wa Kirusi kwa wageni, una sehemu tano (msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza) na kusikiliza hakufidiwi na sarufi nzuri. Mimi huziba pengo hilo kwa kusikiliza taarifa za habari za Kirusi nyumbani. Nawasifu kwa ukweli wao, maana walituambia mapema kwamba cheti chao si TRKI, na kwamba anayetaka kuanza digrii kwa Kirusi kwa kawaida huhitaji B1, yaani TRKI-1. Wamesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya mafunzo ya ufundi. Hilo lihakikishe popote unapokwenda kabla ya kutuma M-Pesa.

Kama unakwenda kwa ufadhili na mwaka wa maandalizi unakungoja, A1 na mwandiko wa mkono vinatosha. Hela iliyobaki nunulia koti. Unayejigharamia mwenyewe, fika B1 hapa nyumbani kwanza. Na mnaotoka Kakamega au Busia, ombeni darasa la Jumamosi, kwa sababu la jioni huisha saa mbili usiku na matatu za kurudi huwa zimepungua.