Programu za kubashiri maneno kwa wenye shida ya kuchapa: ipi ulipie, ipi uache

Anayechapa kwa kidole kimoja, au kwa mkono unaotetemeka, hahesabu maneno, anahesabu vitufe. Programu ya kubashiri maneno imetengenezwa kwa ajili yake: anagonga herufi mbili tatu, orodha inajitokeza, anachagua neno, anaendelea. Wauzaji wanaitangaza kana kwamba inamfaa kila mtu. Siyo. Miaka ya 1990 Koester na Levine, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, waliwapima watumiaji wakiwemo walioumia uti wa mgongo. Vitufe vilipungua, lakini kasi haikupanda, na kwa hao walioumia ilishuka, kwa sababu kuisoma orodha na kuamua nako kunakula muda. Kama unachapa upesi bila maumivu, hela yako kaa nayo.

Halafu kuna Kiswahili. Kwa Kiingereza herufi tatu za mwanzo mara nyingi zinatosha kulitambua neno. Sisi tunatanguliza viambishi. Gonga w-a-n-a, bado huna kitu. Ongeza f: wanafunzi, wanafanya, wanafuata na wanafika wote wako kwenye foleni, na vitufe vitano vimeshakwenda. Programu inayojua Kiingereza peke yake haifiki hata hapo. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na vitu vya bure.

Namba moja ni LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia nyaraka. Haina kamusi ya ubashiri ya kigeni. Inaokota maneno marefu kutoka kwenye waraka wako mwenyewe na kuyamalizia unapoyarudia. Fungua Tools, AutoCorrect Options, kisha Word Completion, uiwashe. Kiwango cha kawaida ni maneno ya herufi nane na kuendelea. Shusha hadi sita. Kitufe cha kukubali ni Enter, nacho kinaudhi mwisho wa mstari, kwa hiyo kibadilishe. Kuna mtego mmoja: ukaguzi wa tahajia ukiwa umewashwa, Writer inaokota tu maneno inayoyatambua. Waraka ukiwa umewekwa lugha ya Kiingereza, maneno yako yote ya Kiswahili yanaachwa. Weka kamusi ya Kiswahili, au zima ukaguzi. Na ukifunga programu, orodha inapotea. Anayeandika ripoti ndefu hatajali sana; wa barua fupi fupi atajali.

Huyo wa barua fupi nampa namba mbili, Espanso. Si ubashiri hasa, ni ufupisho: unachapa ;rej inatokea “Rejea barua yako ya tarehe”. Macho hayahami, hakuna orodha ya kusoma. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Vifupisho vinaandikwa kwenye faili la maandishi, kwa hiyo siku ya kwanza tafuta mtu wa kukusaidia.

Namba tatu tayari unayo kama una Windows 10 au 11: mapendekezo ya maneno kwa kibodi ya kawaida, kwenye mipangilio ya uchapaji. Mshale wa juu unakupeleka kwenye mapendekezo. Kwa anayeandika Kiingereza kazini, aanzie hapa. Ile kibodi ya kwenye skrini nayo inabashiri, ila kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania tu.

Za kulipia nazipa nafasi moja. Co:Writer inamfaa mwanafunzi mwenye disleksia (shida ya kusoma na kutahajia maneno) anayesoma kwa Kiingereza: inaelewa neno lililoandikwa kwa jinsi linavyosikika, jambo ambalo kikagua tahajia cha kawaida hushindwa. Malipo ni ya kila mwaka. Kwa tatizo la mikono peke yake siinunui. Lightkey, programu nyingine ya ubashiri ya Windows, ina toleo la bure. Lijaribu kwa maandishi yako ya kweli kabla ya kutoa senti.

Asiyeweza kugonga kitufe kabisa yuko nje ya orodha hii. Aangalie Dasher, iliyoanzia Cambridge kwa David MacKay, ambayo unaiendesha kwa kielekezi au kwa macho, au ACAT, ambayo Intel iliitengeneza kwa ajili ya Stephen Hawking, mwanafizikia aliyepooza, na kuitoa bure mwaka 2015. Dasher inajifunza kutokana na maandishi unayoipa, hivyo mkusanyie faili kubwa la Kiswahili cha aina anayoandika yeye: barua zake, ripoti zake, hata hotuba.