Côtes du Rhône: ianze ipi, isubiri ipi

Nikiwa na pesa ya chupa moja tu mbele ya rafu ya mvinyo mwekundu wa Ufaransa, mkono huenda Côtes du Rhône. Ni mvinyo mkavu, hauna sukari ya kuhisika, si mzito wa kulemea wala si mwepesi wa maji maji. Hutoka bonde la mto Rhône, hasa kusini, kuelekea Avignon, ambako mistral, upepo mkali na mkavu wa kaskazini, hukausha mizabibu na kuiepusha na kuvu. Zabibu huchanganywa: Grenache ndiyo mama, Syrah huleta harufu ya pilipili manga, Mourvèdre huongeza ukakasi unaoshika ulimi.

Namba moja kwangu ni Côtes du Rhône Villages yenye jina la kijiji kwenye lebo: Séguret, Sablet, Valréas. Wengi huiruka wakidhani jina hilo ni pambo. Si pambo. Ili aliandike, mkulima hubanwa avune kidogo zaidi kwa hekta, na mvinyo wake uwe na kilevi zaidi, maana yake zabibu zilikomaa kweli. Bei hupanda kidogo, ladha hupanda sana.

Ya pili ni Côtes du Rhône ya kawaida. Hapa ni bahati nasibu, kwa hiyo tafuta maneno “Mis en bouteille au domaine”: aliyelima ndiye aliyejaza chupa. Kati ya wafanyabiashara wakubwa, ya Guigal hutumia Syrah kwa wingi, ndiyo maana ni nyeusi nyeusi kuliko za jirani. Côtes du Rhône ya kawaida usiiweke miaka, inywe ikiwa changa.

Tatu, Gigondas na Vacqueyras. Zamani zilikuwa vijiji ndani ya Côtes du Rhône, zikapewa hadhi ya kujitegemea mwaka 1971 na 1990. Ni nzito, ngoja siku ya mbuzi wa kuchoma.

Châteauneuf-du-Pape, jina kubwa kuliko yote kusini mwa bonde hilo, naiweka mwisho, na najua nitabishiwa. Mawe yake ya mviringo ni maarufu, mavuno yamewekewa kikomo cha hektolita 35 (lita 3,500) kwa hekta, na chupa nyingi zina nembo ya funguo za Papa. Lakini unalipia jina kwanza. Ukiiona kwa bei ya kutupa, ujue unauziwa jina tupu; nunua Gigondas.

Kabla ya kulipa, pitisha kidole juu ya kizibo. Niliwahi kuchukua chupa iliyosimama dirishani kwenye jua. Kizibo kilikuwa kimechomoza kidogo, shingo inanata. Nikajifanya sijaona. Mvinyo ulikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa, ukaishia kwenye sufuria ya nyama.

Iliyo salama iweke kwenye friji dakika 20, kisha fungua. Ikiwa na joto la chumba cha kwetu, pombe hutangulia puani na matunda huyasikii.