Kutyuni mafuta nyumbani: MAF au jedwali la VE?

Umeshabadilisha kemshafti ya trak na unataka kutyuni mwenyewe, sasa uchague: uache sensa ya MAF ipime hewa inayoingia, au uichomoe utegemee presha ya manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), joto la hewa na jedwali la VE, yaani namba za kuonyesha silinda zinajaa hewa kiasi gani.

MAF rahisi aisee. Ni mstari mmoja tu wa namba, unarekodi safari, unaangalia ECU (kompyuta ya injini) inaongeza au kupunguza mafuta asilimia ngapi, unarekebisha, basi. Shida iko kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kemshafti kubwa inasukuma hewa irudi nyuma, sensa inaihesabu mara mbili, injini inakohoa na eksozi inanuka petroli.

VE haina kero hiyo ila jedwali lina vyumba kibao, kila kimoja na RPM yake na presha yake, unajaza kidogokidogo ukiwa na sensa ya waidibandi kwenye eksozi, ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, ukienda mwendo wa kawaida unalenga hewa 14.7 kwa petroli 1, ukikanyaga mpaka mwisho unashuka kama 12.5, na usukani ashike mtu mwingine jamani, we kodolea laptopu. Halafu ubadilishe manifodi tu, unaanza upya.

Mi ECU ikikubali zote nabaki na MAF, VE naitolea jasho hapo kwenye silensa tu.