Tangawizi na manjano: blenda au mashine ya kukamua?

Kwa kile kikombe kidogo cha juisi ya tangawizi na manjano ninachokunywa asubuhi, mimi ni mtu wa blenda. Unakata tangawizi na manjano mabichi vipande vyembamba, unaongeza maji ya limau na maji kidogo ya kawaida, unasaga, kisha unachuja kwa kitambaa safi. Kwenye kukamua kitambaa hicho ndiko kwenye kazi: vidole vinabaki na rangi ya njano, na kitambaa hakirudi kuwa cheupe tena.

Mashine ya kukamua haihitaji maji, hivyo juisi yake ni kali kweli, inawasha koo hadi machozi yanakutoka. Lakini tangawizi ina nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye chujio, na kuzitoa ni adhabu. Kwa chupa moja ya siku tatu, sioni faida.

Blenda ina jingine: pilipili manga na tone la mafuta unavisaga humo humo. Kurkumini, kiambato kinachoipa manjano rangi yake, huyeyuka kwenye mafuta, na piperini, kiambato kinachoipa pilipili manga ukali wake, husaidia mwili kuifyonza.

Njia zote mbili huacha wanga chini ya chupa, kwa hiyo tikisa kwanza. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kabla ya kuanza.