Skima ya maji ya chumvi: uliza kwanza itafanya nini umeme ukirudi

Mwezi Machi nilinunua skima ya protini, kifaa kinachosafisha kwa povu maji ya tangi la samaki wa baharini, kwa shilingi laki tisa, katika duka moja la hapa Kampala, nikaisimamisha ndani ya sampu, lile tangi la chini linalofichwa kabatini. Wiki mbili ikatoa povu zuri. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi alfajiri, na nilipoamka nikakanyaga zulia lililolowa maji ya rangi ya chai, yananuka samaki wa juzi. Uchafu wa siku tatu ulikuwa umefurika kutoka kikombeni, pale juu ya skima povu chafu linapokusanyika, mwingine sakafuni, mwingine umewarudia samaki. Zulia nililitupa. Nilipowasimulia wasomaji, watatu wakaniandikia kwamba nao yamewakuta hayo hayo.

Kwa hiyo leo sizungumzii kelele wala wati. Hayo utayasoma kwenye boksi.

Pampu inayopandisha maji ikizimika, maji ya kwenye mabomba na ya juu kabisa katika tangi kuu hushukia sampu, na kina chake hupanda. Skima ya sampu hupangiwa kina maalumu. Ukikizidisha sentimita chache tu, povu linakimbilia shingoni mwa skima, kuelekea kikombeni, likiwa majimaji. Umeme ukirudi, pampu zote mbili, hiyo na ya skima, zinaamka pamoja, na kabla sampu haijapungua, kikombe kimeshafurika. Mtu anayekatikiwa umeme mara moja kwa mwaka anaweza kulipuuza hilo. Mimi hukatikiwa mara mbili kwa wiki.

Je, ni lazima uwe na skima? Kwa tangi la lita 100 lenye samaki wawili wadogo, hapana. Badilisha asilimia 15 ya maji kila wiki, inatosha. Ila piga hesabu ya chumvi: lita 15, gramu 35 kwa kila lita, ni zaidi ya nusu kilo kwa wiki, kama kilo 27 kwa mwaka, na chumvi hiyo husafirishwa kutoka pwani hadi huku kwetu kusiko na bahari. (Muuzaji mmoja alinishauri nitumie chumvi ya Katwe. Usithubutu! Ile ina kaboneti na salfeti kwa viwango visivyofanana kabisa na vya bahari.) Skima hunasa protini na mafuta kwa viputo vidogo vidogo na kuvitoa kabla havijaoza vikawa amonia, na papo hapo huwaongezea samaki hewa. Ukitaka samaki wa tatu na wa nne, au matumbawe magumu, inunue.

Namba moja kwangu ni Tunze ya Ujerumani, Comline DOC 9004, na sifichi kwamba naipenda. Imekusudiwa matangi hadi lita 250, na hushikiliwa kwa sumaku kwenye kioo, ndani ya tangi kuu lenyewe. Kwenye tangi lisilo na sampu hakuna maji ya kushuka popote, kwa hiyo umeme ukikatika kina kinabaki pale pale. Nimeizima na kuiwasha makusudi mara kumi kwa siku moja, na kila mara povu limerudi taratibu. Kazi yako ni kujazia kila siku maji yasiyo na chumvi, kufidia yanayopotea kwa mvuke. Inaziba pembe moja ya tangi, ni kweli. Nimekubali.

Kwa wenye tangi kubwa na sampu, namba mbili ni Nyos Quantum, kisha Reef Octopus. Hakikisha ni toleo la volti 230 na hezi 50, kwa sababu ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani utaiunguza siku ya kwanza. Kisha nenda duka la vifaa vya umeme ununue friji gadi, kile kifaa kinacholinda friji. Umeme ukirudi, husubiri dakika chache kabla ya kuupitisha. Chomeka skima humo, na pampu ya kupandisha maji uichomeke moja kwa moja ukutani. Skima ikija kuamka, sampu imeshashuka. Laiti ningeambiwa hivyo Machi, zulia langu lingekuwepo.

Bubble Magus Curve ni ya bei nafuu kidogo, inafaa, nayo pia iwe na friji gadi. Zile ndogo za kusukumwa na pampu ya hewa na kijiti cha mbao cha kutoa viputo, kijiti huchakaa ndani ya wiki chache. Ziache.

Kinachoniuma ni wauzaji. Dada mmoja wa Entebbe ameuziwa skima kwa tangi la maji yasiyo na chumvi! Katika maji hayo viputo huungana vikawa vikubwa na povu halisimami, kwa hiyo amelipia pampu ya kupiga mapovu. Na bei hawaandiki. Ukiuliza unaambiwa njoo inboksi, na huko bei inategemea unavyoandika. Basi ukifika dukani, mwambie aisimamishe skima kwenye ndoo ya maji ya chumvi kwa kina kilichoandikwa kwenye boksi, aongeze maji sentimita tatu, azime, kisha awashe. Simama pale utazame kikombe. Akikataa, nenda duka jingine.