Multimita ya dijitali kwa gari la kizamani lililolala miaka: nunua, ila usiuamini ule mlio

Hizi multimita (vifaa vya kupimia umeme) za kawaida za bei ya chini, zenye waya mwekundu na mweusi, nimeitumia moja kwenye gari la zamani lililokaa gereji muda mrefu bila kuwashwa, na kwa kazi hiyo naipenda sana, imenizuia kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Betri ya volti 12 ni kazi nyepesi, gari limezimwa unagusa vichwa, ikisoma kama 12.6 imejaa, ikiwa chini ya 12 usianze kulaumu stata, chaji kwanza. Halafu angalia gari lako ni la aina gani kabla ya kufunga betri, yapo ya volti 6, na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 50 na 60 ethi yake (upande wa betri uliofungwa kwenye bodi ya gari) ni chanya, ukifunga kwa mazoea utaunguza vitu.

Ila utamu wenyewe uko kwenye kutafuta ethi mbovu. Gari likilala hivyo mara nyingi waya haujakatika, ni kutu tu kwenye viungo, umeme unapita kwa shida, unaona taa ya nyuma hafifu au ukikanyaga breki na indiketa nayo inawaka kidogo. Sasa watu wanaweka mita kwenye ule mlio wa kupima kama waya umekatika, ukilia wanasema waya mzima. Hapana jamani! Mlio unapima kwa umeme kiduchu sana, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utalia vizuri tu. Washa taa yenyewe, ncha moja weka kwenye hasi ya betri (kama ethi ni hasi), nyingine kwenye chuma cha holda ya taa, inatakiwa isome karibu na 0. Yangu ilisoma zaidi ya volti 2, nikafungua skrubu ya ethi nikakuta unga wa kijani umejaa chini yake, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, ile volti ikapotea na taa ikawa kali kabisa. Fyuzi za zamani nazo pima hivyohivyo, ncha huku na huku taa ikiwa inawaka, maana kwa macho utaona nzima kumbe miguu yake imeshika kutu.

Nisichokipenda ni waya zake, fupi mno, kutoka kwenye betri hazifiki nyuma ya gari, lazima uunge waya mwingine, na hawakuweka hata klipu za kung'ata kwahiyo unahitaji mtu wa kukushikia.

Na lile tundu la 10A kwenye mita, la kupimia ampea, ni la kutafuta kinachonyonya betri gari likiwa limezimwa, usipige stata mita ikiwa imeunganishwa hapo, stata inavuta ampea zaidi ya 100 na mita nyingine za bei ya chini tundu hilo halina fyuzi kabisa.

Nyota 4 kati ya 5, iliyopungua ni ya hizo waya.